Kinyama cha Kwanza

Watu wa maabara ya chini walimwita Mama Wembe, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu jina lilikuwa la haki. Kazi yake ilikuwa kukata. Si kukata kama wanavyokata madaktari wa upasuaji kule juu, wenye taa kubwa na wauguzi wa kuwapangusa jasho. Yeye alikata kile walichokwisha kukata wao. Kinyama kikitolewa kwa mgonjwa, kiwe cha titi, cha utumbo au cha shingo, kilishushwa kwenye chupa ya fomalini ili kisioze, kikagandishwa ndani ya kitofali kidogo cha nta, kisha kikaletwa mezani kwake. Hapo alikifunga kwenye mashine yenye wembe na kuzungusha gurudumu, na kitofali kilipanda na kushuka mbele ya makali, kikiacha utepe mwembamba ambao ukiupumulia tu unajikunja na kuharibika.

Utepe huo aliulaza juu ya maji ya vuguvugu kwenye beseni jeusi mpaka ukanyooka, kisha akachovya kipande cha kioo chini yake na kuunyanyua. Kioo hicho ndicho kilichokwenda kupakwa rangi, na baada ya rangi daktari wa hadubini alikitazama na kusema mtu anaumwa nini. Wagonjwa hawakumjua Mama Wembe na hawakuwa na sababu ya kumjua. "Wao wanamshukuru daktari au wanamlaani daktari," alipenda kusema. "Mimi simo, na raha yangu ni hiyo."

Alikuwa mkali, hilo halifichiki. Wanafunzi waliokuja kujifunza kwake walitoka na ujuzi, na baadhi yao walitoka na machozi. Beseni chafu lilimpandisha mori. Ukimaliza kitofali cha mtu mmoja, ni lazima upitishe karatasi laini juu ya maji ili uokote vipande vilivyobaki, maana kipande cha mgonjwa aliyepita kikielea na kunasa kwenye kioo cha anayefuata, mtu mzima wa afya ataambiwa ana saratani. Na kitasa cha mashine nacho kilikuwa na wimbo wake. Mashine ina mwendo mnene wa kukwangua nta ya juu mpaka kinyama kijitokeze, na mwendo mwembamba wa kukata kinyama chenyewe. Ukisahau kurudisha kitasa kwenye mwendo mwembamba, mizunguko michache tu inamaliza kila kitu, na nyama ya mtu inaishia kwenye makombo ya nta chini ya mashine. "Hiyo si nazi, ukune tu," aliwaambia waliosahau. "Mwenyewe yuko nje kwenye benchi, hana nyingine ya kukupa."

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa kiume, fundi wa friji. Mama yao alifariki yule mdogo angali anavaa kaptula za shule, na tangu hapo Mama Wembe ndiye aliyekuwa mama, baba na polisi. Alimlea kwa mshahara wa kukata nyama za watu. Alimsomesha, akamwoza, akawa shangazi wa watoto wake na wifi wa mkewe, wifi asiyependa mchezo lakini anayefika nyumba ikiwaka moto. Jambo moja lilimshinda kwa yule mdogo, nalo ni sigara. Alianza kuvuta angali anaomba ruhusa ya kutoka nje, na hapakuwa na fimbo wala nasaha iliyomtoa huko. Alivuta akifungua friji, akavuta akifunga friji, na akikohoa alisema ni vumbi la kazi.

Kisha kikohozi kikakataa kuondoka. Fundi akakonda, na juu ya mtulinga, pale shati linapoachia, ukajitokeza uvimbe kama kete. Mama Wembe aliuona siku alipokwenda kuwasalimu. Akaugusa kwa kidole, ukawa mgumu na haukusogea. Kesho yake alimshika mkono mdogo wake kama mtoto, akampeleka hospitalini, na kule juu wakamchoma sindano ndefu, wakatoa kinyama chembamba kama uzi.

Maabara ile ilikuwa na desturi kwamba mtu hakati nyama ya ndugu yake. Mkono una hila zake, na macho nayo yana upendeleo. Chupa ilipofika, daktari wa hadubini, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliisoma lebo na kumwita pembeni.

"Hii mpe mwenzako akate."

"Mwenzangu ana mkono mzito, Daktari. Na kinyama chenyewe ni uzi."

"Desturi unaijua."

"Naijua. Niliiweka mimi."

Daktari alicheka kidogo, na kucheka kule kukawa ruhusa. Isitoshe, Fundi mwenyewe alikuwa amekwisha kusema lake, palepale kwenye benchi la wagonjwa, akiwa na pamba shingoni. "Dada, mimi sitaki mtu mwingine anikate. Wewe ndiye uliyenikata kucha tangu mdogo. Nikate na hii."

Akamkata. Rangi ya kawaida ilionyesha seli ndogo ndogo za bluu, nyingi, zilizofinywa na sindano mpaka zikavutika kama wino uliopitishiwa kidole. Sehemu kubwa ya uzi ule ilikuwa imekwisha kufa, haisomeki. Daktari alimweleza bila kuzunguka, kwa kuwa walifahamiana miaka mingi. Seli za namna ile zingeweza kuwa saratani ya tezi za limfu, ambayo dawa zipo na watu wanapona, wanarudi kazini na kusahau hata jina la wodi. Au zingeweza kuwa saratani ya mapafu ya seli ndogo. Hiyo haina simile. Dawa huishtua sana mwanzoni ikiwa imewahiwa, mtu akapata muda mzuri wa kuishi, lakini kuiondoa kabisa ni nadra, na isipowahiwa inakwenda mbio.

"Tutazitofautishaje?" Mama Wembe aliuliza, ingawa jibu alilijua. Alitaka kuisikia sauti ya mtu.

"Kwa sinaptofisini."

Daktari aliipenda protini hiyo, na akianza kuizungumzia husahau chai yake. Kwenye ncha ya kila seli ya neva, alisema, kuna vifuko vidogo mno visivyoonekana hata kwa hadubini yao, na ndani yake mna kemikali ya kupeleka ujumbe. Neva ikitaka kumwambia jirani yake jambo, kifuko kinasogea ukingoni, kinafunguka na kumwaga. Kwenye ngozi ya vifuko hivyo ndiko ilikokaa sinaptofisini, na imejaa tele.

"Na kazi yake hasa ni nini?"

"Hapo ndipo tunapoumbuka. Panya waliozaliwa bila hiyo wanaishi, wanakula, wanazaa. Wanakuwa wazito kidogo kujifunza, basi. Inaonekana inasaidia kuviokota vifuko na kuvitengeneza upya vikishamwaga. Ila sisi huku chini kazi yake haitusumbui. Sisi tunatafuta ipo au haipo."

Maana kwenye mapafu, akaendelea, kuna seli chache zenye tabia za neva, zinazotunza vijifuko vyao. Saratani ya seli ndogo ina tabia zizo hizo, na popote inapohamia inakwenda na mizigo yake. Ukiipaka dawa inayoing'ang'ania protini hiyo, inageuka kahawia. Saratani ya tezi haina mizigo hiyo, kwa hiyo haigeuki. Ikiwa kahawia ni ya mapafu, na isipokuwa kahawia kuna matumaini. Mama Wembe alikuwa ameipaka rangi ile kwa watu wengi kuliko alivyoweza kukumbuka, na hakuna hata mmoja aliyemkosesha usingizi.

Asubuhi ya kukata tena kwa ajili ya rangi hiyo, aliyetangulia kwenye mashine alikuwa mama mmoja mwenye uvimbe wa utumbo, uvimbe wa aina nyingine lakini wenye protini hiyo hiyo kwa wingi. Alipomaliza kitofali cha yule mama, Mama Wembe alipangusa maji. Akatazama, akapangusa tena, kwa kuwa aliyefuata alikuwa wake. Kisha akaulaza utepe wa mdogo wake juu ya maji meusi, ukanyooka bila hata mkunjo, na akauokota. Kwenye kioo hicho hicho kulikuwa na kipande cha kidole tumbo cha mtu mwingine, chenye neva ukutani, kinachowekwa kila mara ili kuthibitisha kwamba rangi imeshika.

Rangi ilipokauka hakungoja. Aliweka kioo kwenye hadubini ya wanafunzi, akainama. Neva za kidole tumbo zilikuwa kahawia safi, kwa hiyo rangi ilishika. Akasogeza kioo. Uzi wa mdogo wake ulikuwa mwingi wa mauti, ukungu wa bluu usiosema lolote. Akaufuata mpaka mwisho, moyo ukaanza kutulia, na pale ukingoni akalikuta kundi dogo la seli, zilezile zilizofinywa, za kahawia.

Alikaa akilitazama mpaka jicho likamwuma. Ndipo akampelekea Daktari.

Daktari alitazama muda mrefu. "Limekaa ukingoni mno," alisema. "Na ni dogo. Kabla ya huyu ulikata nani?"

"Yule mama wa utumbo."

"Maji ulipangusa?"

Tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo. Lilikuwa sawa na kumwuliza imamu kama ametawadha. Daktari hakuwa na nia ya kumvunjia heshima. Alikuwa anafunga milango yote kabla ya kuandika neno zito kuhusu ndugu wa mwenzake. Kama maji yalikuwa safi, basi kundi lile ni la Fundi, na jibu limepatikana, na dawa zinaanza wiki hiyo hiyo. Lilihitajika neno moja tu kutoka kwake.

"Sikumbuki," Mama Wembe alisema.

Daktari aliinua macho kutoka kwenye hadubini. "Wewe hukumbuki?"

"Sikumbuki, Daktari."

"Basi kata tena kitofali kile kile. Kama kundi limo ndani ya nta ni lake. Kama halimo, lilitoka majini."

Akarudi mashineni. Kitofali kilichokwisha kufunguliwa hakikai tena sawasawa, ni lazima ukisawazishe kidogo mbele ya wembe. Kwa kinyama kama uzi unasawazisha kwa mwendo mwembamba, polepole, ukishika pumzi. Hilo aliwafundisha wengine kwa ukali mpaka wakaliota. Siku hiyo kitasa kilikuwa kwenye mwendo mnene. Alizungusha gurudumu. Alikuwa akimfikiria mdogo wake alivyokuwa akilia alipokatwa kucha, akificha mkono mgongoni, na gurudumu likazunguka, likazunguka tena, na alipoangalia mbele ya wembe palikuwa na nta nyeupe tupu.

Alisimamisha mashine. Akainama kwenye makombo, akayachambua kwa ncha ya sindano, lakini kilichokatwa kwa mwendo ule hakirudi kuwa nyama, ni vumbi. Mimi nikikuambia mkono wake ulisahau, nitakuwa namtetea. Nikikuambia ulikusudia, nitakuwa namsingizia. Yeye mwenyewe amejiuliza mpaka amechoka, na mpaka leo hajui.

"Kimeisha," alimwambia Daktari mlangoni. "Niliacha kitasa kwenye mwendo mnene."

Daktari alimtazama. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba mtu ambaye hajawahi kusahau kupangusa maji hawezi kusahau maji na kitasa asubuhi moja. Badala yake alivuta kiti chake, akaandika kwamba sampuli haikutosha, kuna mashaka, kipimo kirudiwe haraka. Ila haraka ya hospitali nayo ina foleni. Mtaalamu wa sindano alikuwa likizo, mashine ya kumwongoza ilikuwa inangoja kifaa, na jina la Fundi likawekwa nyuma ya majina mengine.

Na Fundi, masikini ya Mungu, alifurahi. Alilichukua neno "kirudiwe" kama habari njema. "Dada yangu ameirudisha," aliwaambia wateja wake akiwa amelala kifudifudi nyuma ya friji zao. "Mnamfahamu? Hakubali kazi ya ovyo. Kingekuwa kitu kibaya angekiona mara moja." Akaanza kula. Akapaka rangi mlango wa duka lake. Jioni alikaa na watoto uani, akiwaeleza kwamba shangazi yao hukata nyama nyembamba kuliko karatasi, na watoto wakamtazama Mama Wembe kwa macho makubwa kama wanaomtazama mchawi.

Yeye alitabasamu, akaaga. Mkewe Fundi, mwanamke mkimya asiyepitwa na kitu, alimfuata hadi getini.

"Wifi, mbona akiamka uso umemvimba?"

"Tezi zinabana mishipa."

"Na majibu?"

"Majibu hayajatoka."

Huo haukuwa uongo, na ndiyo maana ulimtoka kirahisi. Lakini ukimtaka mtu aliyejua, alikuwa ni yeye. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa Daktari akiwa na lile neno moja ulimini. Nilipangusa. Angelisema, kioo cha kwanza kingetosha, kilikuwa bado kabatini, na hakuna sindano ya pili iliyohitajika. Siku moja alijikaza akaingia kabisa. Daktari aliweka kalamu chini, akangoja. Mama Wembe akasema nyembe zimebaki chache, waagize nyingine.

Alijipa sababu, na mtu akitaka sababu hazikosi. Alijiambia kwamba ugonjwa ule dawa haziung'oi, kwa hiyo wacha apate siku chache za kupaka mlango rangi. Alijiambia kwamba huenda kweli hakupangusa, nani anakumbuka kila kitu. Alijua si kweli. Aliziona karatasi mbili zilizoloa zikiwa ndani ya ndoo kila alipofumba macho. Na alijua kwamba siku chache za mwanzo kwa ugonjwa ule si chache hata kidogo. Aliogopa, ndiyo yote. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayelitoa lile jina la ugonjwa mdomoni mwake na kumkabidhi mtoto aliyemlea.

Fundi alianguka jikoni kwa mteja. Aliinama kutazama chini ya friji, damu ikamjaa kichwani, na hakuweza kuinuka. Alipofikishwa hospitalini shingo ilikuwa imenenepa na mishipa imesimama, uso umevimba hadi macho yamekuwa mistari. Hakuweza kulala chali. Walimkalisha kwa mito. Ghafla mtaalamu wa sindano akapatikana na mashine ikafanya kazi, kama ilivyo kawaida mambo yakishaharibika. Kinyama cha pili kikashushwa chini.

Safari hii Daktari hakuuliza. Alimpa yule mwenye mkono mzito, naye akakata vizuri tu, utepe safi usio na kasoro. Kikawa kahawia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Daktari wa dawa kule wodini alikuwa kijana mpole, na kwa upole huo huo alimweleza Mama Wembe kwamba wataanza na dozi ndogo, mwili umechoka, figo hazipendezi. "Bahati mbaya tu ile sampuli ya kwanza," alisema. "Ingejibu, sasa hivi tungekuwa mbali. Wengi wakianza wakiwa na nguvu, uvimbe unanywea mpaka mtu anashangaa." Alikuwa anamliwaza.

Mama Wembe alishuka ngazi mpaka kwa Daktari wa hadubini. Hakuketi.

"Nilipangusa," alisema.

"Najua."

"Ulijua?"

"Kile kioo nimekitazama tena na tena. Seli zile zimefinywa sawasawa na nyingine za uzi ule. Hazikuwa za yule mama."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza," Daktari alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ambayo haikuwa ya kazini, "Nilingoja uniambie mwenyewe. Sikupaswa kungoja. Tumemchelewesha sote wawili."

Ilikuwa alasiri alipopanda wodini. Fundi alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mito, akipumua kama mtu aliyetoka kukimbia. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Lile friji lao la dawa pale koridoni linanguruma," alisema. "Waambie feni inagusa. Nikipata nafuu nitalitazama."

"Nitawaambia."

"Dada." Akapumzika, akavuta pumzi. "Kile kinyama cha kwanza. Kilikuwa kidogo kweli?"

Fundi alikuwa amempa jibu tayari, amelishika mkononi mwake, ni la kupokea tu. Ndiyo, kilikuwa kidogo. Hata Daktari asingemlaumu. Mama Wembe alitazama vidole vya mdogo wake, vilivyovimba, kucha zimekuwa ndefu kidogo, na akaona kwamba akimdanganya tena hatakuwa amebaki na kitu chochote cha kweli kati yao.

"Kilikuwa kidogo," alisema. "Lakini kilisema. Kilisema hivihivi kilivyosema cha pili. Nilikiona mwenyewe kwa macho yangu. Daktari akaniuliza kama maji yalikuwa safi, nikamwambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Halafu nikakimaliza kwenye mashine."

Fundi alipumua. Nje mtu aliburuta kitanda cha magurudumu, kikapita, kikaishia mbali.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu siku ile."

"Tangu siku ile, mdogo wangu. Niliogopa."

Alingoja amtukane. Alitamani amtukane, alikuwa tayari kwa matusi, angeyabeba. Fundi hakumtukana. Alitazama ukuta wa mbele, na uso ule uliovimba haukuonyesha kitu, kwa kuwa ulikwisha kupoteza uwezo wa kuonyesha.

"Mwite mama watoto," alisema hatimaye. "Wewe nenda nyumbani, dada. Umechoka."

Akaenda. Kesho yake alirudi na chakula laini, akamkuta amefumba macho. Keshokutwa vilevile. Mkewe alisema anazungumza vizuri asubuhi, anataniana na wauguzi, anauliza habari za duka. Ni alasiri tu ndiyo usingizi unamchukua. Alisema hivyo kwa nia njema, kwa kuwa Fundi hakuwa amemwambia kitu na hakumwambia kamwe.

Lakini Mama Wembe ndiye aliyemlaza yule mtoto miaka yote. Alijua kwamba akilala kweli mdomo wake huachama, na kichwa huangukia bega la kushoto, hata ukimtengeneza vipi. Sasa midomo ilikuwa imefumbwa sawasawa na kichwa kimenyooka juu ya mto, na kope zilitikisika kidogo kila aliposogeza kiti. Hakumwamsha. Alikaa pembeni ya kitanda, akamwachia usingizi wake huo mpaka kengele ya wageni ikalia.

Alifanya hivyo kila alasiri. Kisha ikaja alasiri moja aliyowahi kufika kabla ya wengine, akamkuta kichwa kimeangukia bega la kushoto, mdomo uko wazi, na ile pumzi ya mtu aliyetoka kukimbia haisikiki. Akasimama pale na kibakuli mkononi, na kwa kitambo kidogo alifurahi, akidhani leo amelala kweli mbele yake.